Kiota cha Sungura wa Jane

Dada Rispa,

Natumaini huko Butere mko salama wote. Hapa Kitengela ni baridi na upepo, nguo zinashika vumbi kabla hazijakauka.

Wifi yetu Jane anafuga sungura nyuma ya nyumba. Leo asubuhi tulikuta jike mmoja amejing'oa manyoya ya kifua mpaka ngozi inaonekana, amejaza kiota. Jane alishangaa, maana hajampeleka kwa dume. Daktari wa mifugo alipokuja akauliza analala na nani. Nikamwonyesha jike mwenzake. Akasema hilo ndilo kosa: sungura huachilia mayai akipandwa, hata na jike mwenzake. Damu inajaa kwenye ovari, homoni zinaanza kazi, na mwili unaamini kuna mimba.

"Ndani hakuna kitu, mama. Toa tu hayo manyoya."

Jane hakuyatoa. Daktari alipoenda, akaniambia polepole, "Hata mimi kliniki waliniambia hivyo Jumatatu. Miezi yote hii tumbo linakua, kumbe hakuna kitu." Kisha akamwekea yule sungura maji. Kaka bado hajui.

Ndiyo maana nimetia kadi hii kwa bahasha. Wewe ndiye humsomea Mama, kwa hivyo ruka hapo pa Jane. Msomee salamu zangu, mwambie nawakumbuka sana. Na ile sweta ndogo anayofuma, mwambie nimesema apumzishe macho kwanza.

Ni mimi mdogo wako,
Everlyne