Baba Anayetwanga Karanga Ndani ya Bani la Tumbaku

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na siku zimebaki chache. Muuguzi wa zahanati ya kijiji chetu cha Ujamaa hapa Urambo, Dada Apolinaria, ametangaza mbele ya akina mama wote kwamba mwanangu Tekla, wa miaka mitatu, ameongezeka kilo moja na nusu tangu Januari, na kwamba yeyote anayempikia mtoto huyu aje kliniki ya Alhamisi tarehe 17 Aprili awafundishe wenzake, na anayempikia ni mimi baba yake, balozi wa nyumba kumi, na hakuna anayejua isipokuwa dada yangu Tatu anayempeleka kupimwa.

Mke wangu Bernadeta yuko Tabora mjini tangu mwaka mpya kwa mafunzo ya walezi wa watoto, atarudi kwa treni Jumamosi tarehe 19, tena ni mimi niliyesimama mkutanoni nikasema aende, na alipoondoka ndipo nikaona kwamba mtoto hali: maharage anayatoa moja moja kwa kidole na kuyapanga ukingoni mwa sahani, nyama anaifyonza na kuitema, maziwa anasema yananuka ng'ombe, na dagaa wa Kigoma nilipompa alilia, "Baba, wananiangalia," akataka ugali na mlenda tu, hadi muuguzi akamwambia Tatu kwamba anapungukiwa chakula cha kujenga mwili na nywele zimeanza kuwa nyekundu, basi nikakaanga karanga na dagaa waliotolewa vichwa, nikavitwanga mpaka vikawa unga, nikachanganya kwenye mlenda, na mshauri, mtoto alilamba bakuli akasema, "Baba, ongeza," na mimi sijawahi kusikia neno tamu kama hilo.

Lakini mwanaume kushika mchi huku kwetu ni kichekesho, kwa hiyo natwangia ndani ya bani ninamokaushia tumbaku, mlango nimeufunga, na jirani yangu Masolwa akasikia mdundo, na tumbaku yangu ilipotoka ya njano safi akaeneza habari kwamba natwanga dawa, sasa nikipita watu wanasema, "Balozi, tugawie na sisi hiyo dawa, au Ujamaa wako unaishia mlangoni kwa bani?" na mwenyekiti ameitisha mkutano Jumapili tarehe 20 nijieleze, naweza kuvuliwa ubalozi. Nilimwomba Tatu aseme ni yeye anayepika, akanijibu, "Kaka, mimi sisemi uongo mbele ya mizani." Nisaidie, maana nikifikiri sana naona heri niitwe mchawi kuliko kuitwa mpishi. Usiandike jina langu.

Balozi, Urambo

JIBU

Ndugu Balozi, jina lako nimelificha na ya wengine nimeyabadili.

Heri mchawi kuliko mpishi? Umeandika hivyo kwa mkono wako. Mchawi anaogopwa, mpishi anachekwa, nawe umechagua kuogopwa na watu unaowaongoza. Ulimtetea mkeo aende kusoma, kisha unajificha kwa sababu unafanya kazi aliyoiacha nyumbani. Ulidhani ingefanywa na nani?

Na hilo silo kosa lako kubwa. Kosa ni kinu kuwa ndani ya bani. Nilimsomea barua yako muuguzi wa watoto hapa Tabora, akanikatiza papo hapo: vumbi la tumbaku ni sumu, na linatua kwenye chakula cha Tekla. Kinu hicho kisiguse chakula tena. Azima cha Tatu, utwangie uani. Karanga zichague kabla ya kukaanga. Yenye ukungu, iliyosinyaa au iliyo chungu itupe. Twanga za siku mbili tatu, usiweke unga wa mwezi mzima. Maharage usiyaache: yamenye maganda, yaponde, yaingize humo humo kwenye mlenda. Usimlazimishe, usimchape. Kula naye sahani moja, amwone baba akitafuna dagaa mwenye kichwa chake. Siku moja atanyoosha mkono mwenyewe.

Mapishi yenyewe muuguzi huyo ameyasifu, nami sina la kuongeza ila hili. Nimezunguka vituo vingi vya kununulia tumbaku, na nimekutana na wanaume wanaojua uzito wa kila robota lao la tumbaku lakini hawajui uzito wa watoto wao. Wewe unajua vyote viwili. Kilo moja na nusu ile imetoka mikononi mwako. Tembea nayo kichwa juu.

Mkutano wa Jumapili usiusubiri. Watu wanataka kujua unatwanga nini, basi waonyeshe. Siku ya kliniki beba kinu cha Tatu begani, mchi mkononi, upite mbele ya nyumba ya Masolwa mchana kweupe. Akiuliza, mwambie, "Twende, ndugu yangu, ukaonje dawa." Mwalike na mwenyekiti, utwange mbele yake na ya akina mama. Watacheka. Waache wacheke, wakichoka watauliza karanga kiasi gani na dagaa kiasi gani, nawe utajibu. Hapo Jumapili mwenyekiti atatafuta ajenda nyingine. Na Bernadeta akishuka stesheni Jumamosi, asikie habari hii kwako kwanza.

Mizani inatundikwa Alhamisi tarehe 17 Aprili, saa mbili asubuhi. Tekla apimwe wa kwanza, na safari hii mbebe wewe.