Ruhusa ya Kuuza Mnazi

Mbaraki, Mombasa
Jumatano, 20 Mei 1998

Kwa kaka yangu Ngala,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi yangu Naomi na watoto wote. Naomba barua hii iwakute wazima, na kifua cha mama mdogo kiwe kimetulia, maana masika haya hayana huruma na wazee. Mimi mwili wangu haujambo. Roho ndiyo imechoka, kaka. Nimechoka na watu, na karatasi, na mihuri, na nitakueleza yote kwa mpango wake. Nikianzia mwisho sitaweza kumaliza.

Unajua kwamba hoteli yangu ilifungwa wiki ya pili ya Januari, kipindupindu kilipoingia mjini baada ya ile mvua iliyokataa kwisha. Sikufungwa peke yangu. Walifungwa wenye vibanda vya chakula, wauza juisi ya miwa na maji ya ukwaju pale Marikiti, na kila mahali palipouzwa tembo la mnazi kisiwani humu. Nilikubali. Ugonjwa ni ugonjwa. Lakini kufunguliwa, kaka, kufunguliwa ndiko kulikonitoa roho.

Mwezi wa tatu amri zilipoanza kulegezwa, wa kwanza walikuwa wenye mahoteli makubwa na mabaa ya bia. Baa iliyo nyuma ya maghala hapa ilifunguliwa Ijumaa moja kwa bendi na maputo, watu wakanywa wakicheza kana kwamba kipindupindu kinaogopa chupa. Wateja wangu, hao makuli wa bandarini niliowalisha miaka sita, walipita mlangoni kwangu wakinipungia mkono kwenda huko. Mmoja alibisha hodi, nikadhani amekuja kunipa pole. Alitaka ndimu na pilipili za kulia nyama ya kuchoma ya wenzangu.

Bwana afya wa upande wetu si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi, kwa sababu mtu mbaya ungemtukana ukapumua. Alikuja mara ya kwanza akasema kuta zipakwe chokaa. Nikapaka. Akaja mara ya pili akasema chokaa ni nzuri, lakini kuanzia chini hadi kiunoni inatakiwa rangi ya mafuta ili paoshwe. Nikamuuliza kwa nini hakuyasema hayo siku ile. Akasema siku ile sikumuuliza. Mara ya tatu alitaka karo ya kunawia mikono, mara ya nne akaiona karo akasema iko mbali na mlango. Mara ya tano hakuja kabisa, nasi tulikuwa tumefagia tangu alfajiri.

Kisha tukatakiwa vyeti vya kupimwa choo, mimi na Beryl mpishi wangu. Unamkumbuka Beryl, yule wa Kisumu aliyekuja kwenye matanga ya baba akasonga ugali wa watu mia. Tulipanga foleni siku mbili, kila mmoja na kikopo chake ndani ya mfuko wa khaki, na siku ya pili karani akatuambia vikopo vya jana havipokelewi leo. Beryl akamwambia, kwa sauti ya kusikiwa na foleni nzima, kwamba yeye si mfereji wa kufunguliwa kwa saa za ofisi. Watu walicheka sana. Mimi nilikuwa karibu kulia.

Wa kushukuriwa ni mwenye nyumba, Bwana Aliasgar, yule mzee Bohora mwenye duka la misumari na rangi Mji wa Kale. Yeye mnazi haujui. Miaka yote akija hapa huuliza habari za wali na samaki, na yale madumu huyapita kama hayapo. Lakini safari hii alileta fundi akavuta maji ya mfereji hadi jikoni, na kile kisima cha uani akakifunika kwa zege. Nilikwenda dukani kwake kumshukuru. Akaniambia nisimshukuru yeye, nipike kwa usafi.

Amri ya mwisho ilikuwa ya mirija ya kunywea. Mnazi sasa ni wa bilauri, kila mtu na yake, na kupokezana kata na mirija ni marufuku. Wazee wakanijia juu mimi, kana kwamba nilikaa usiku kuitunga amri hiyo. Wakasema mnazi wa bilauri ni kama uji wa sahani, na kwamba bora waende baa. Nikawaambia waende. Hawakwenda, walikaa uani kwangu kutwa nzima wakilalamika bila kununua hata andazi.

Basi Alhamisi iliyopita nikaitwa, nikapewa ruhusa. Karatasi moja, muhuri wa buluu, jina langu limeandikwa vizuri. Nilisoma hadi chini. Mstari wa mwisho ulikuwa umeongezwa kwa mkono, kwamba mimi Sidi naahidi sitanunua tena mnazi unaotoka kwa Ngala Mwambire wa Kaloleni, kwa kuwa ndio ulioleta ugonjwa wa watu kumi na mmoja waliounywa tarehe tatu Januari. Bwana afya akanipa kalamu.

Nikatia sahihi, kaka. Nikaikunja karatasi, nikatoka.

Usiichane barua. Soma tu.

Mambo ya tarehe tatu Januari unayajua kwa upande wako. Mnazi wako ulinywewa kwangu Jumamosi, na Jumapili jioni watu kumi na mmoja walikuwa wanatapika na kuhara. Hakuna aliyekufa, lakini Dishon, yule fundi wa winchi bandarini, alilala hospitali siku kumi na mbili ametundikiwa maji, na mpaka leo hawezi kazi ile. Wamemweka getini, anakaa kitini akifungua na kufunga. Bwana afya alipokuja kuuliza, barua ikaandikwa kuja huko kwenu, na mzee wa kijiji akaja na vijana wake wakavunja vibuyu vyako vyote mbele ya watoto wako. Ukakatazwa kukwea mnazi hata mmoja. Wifi Naomi alichota maji msibani, wanawake wakayamwaga. Hayo uliniandikia mwenyewe mwezi wa pili. Na uliandika neno jingine, nimelisoma mara nyingi hata karatasi imelegea kwenye mikunjo. Uliandika: "Sidi, wewe unajua ninavyoosha vibuyu vyangu. Waambie." Mimi nikakujibu kwamba watu wa mjini hawasikii.

Ijumaa, siku moja baada ya ruhusa, nilikuwa naosha bilauri mpya nikamwona Dishon mlangoni. Amekonda, shati linamning'inia. Alikaa, akakataa chai, akasema amesikia nafungua. Nikamwambia ndiyo. Akaniambia kwamba amefikiri sana huko getini, maana kazi ile ina nafasi ya kufikiri, na ameona hakuna faida kukaa na kinyongo. Akasema, "Kaka yako ukimwandikia, mwambie Dishon amemsamehe."

Kaka, nilishika bilauri ile hata nikadhani itapasuka mkononi. Ningependa anitukane. Ningependa aseme hataki kuniona. Lakini kukusamehe wewe, ambaye hukumfanyia lolote! Nilikasirika naye, ndiyo, nilimkasirikia mtu mgonjwa kwa wema wake.

Mnazi wako haukuwa na kosa. Ni mimi.

Jumamosi ile njia ya Kaloleni ilikuwa matope, basi likaleta dumu moja badala ya mawili. Na meli mbili zilikuwa zimemaliza kupakua, watu wamejaa hadi uani, kila mmoja anaita jina langu. Saa tisa dumu lilikuwa limeshuka nusu. Nikaenda kisimani nikachota ndoo, nikaimimina. Ndoo nzima. Nikaonja, nikaona bado una ukali, nikawauzia. Nilikuwa nimeona kwamba mvua imejaza choo cha jirani hata kikamwagika. Niliona, kaka, nikajiambia kisima kiko mbali. Hakiko mbali. Ni hatua ishirini, nimezihesabu juzi. Ile methali ya mgema unaijua, na watu wa huko watakuwa wamekuimbia mpaka umechoka. Mgema hakutia maji. Ni dada yake.

Bwana afya alipokuja aliniuliza mnazi umetoka wapi, nikasema kwa kaka yangu. Akaniuliza, "Hukutia kitu?" Nikasema, "La." Neno moja tu, na lilitoka jepesi. Nilidhani watakuandikia barua ya kukuonya na yatakwisha. Habari ya vibuyu ilipofika, nilijiambia nitasema wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa ya pili. Mwezi wa tatu Rumana, binti yake Bwana Aliasgar, ambaye anafanya kazi ya maabara, alipima maji ya kile kisima, na baba yake akaja mwenyewe na karatasi iliyoonyesha maji yana ugonjwa. Akaniuliza kwa upole maji haya yalitumika kwa kazi gani. Nikamwambia kwa kupiga deki. Alinitazama, kisha akaenda kuita fundi wa zege. Kwa hiyo usinifanyie hisani ya kudhani sikuwa na hakika. Nimekuwa na hakika tangu mwezi wa tatu, na nimekuwa nikigombana na kila mtu mjini juu ya rangi na karo na mirija, kwa sababu kugombana kulinipa kazi ya kufanya.

Jumatatu nilikwenda kwa bwana afya, nikamwekea ruhusa yake mezani, nikamwambia. Aliweka kalamu chini akajipangusa uso kwa leso. Akaniuliza kwa nini nimemletea maneno haya leo na si Januari, na kama najua ninachokiomba. Nikasema ninachokiomba nakijua. Akaandika kurasa mbili kwa mkono, akanisomea, nikatia sahihi. Ruhusa akaichukua. Wali na maharagwe naweza kupika, lakini kinywaji sitauza tena mahali pale, na huenda nikaitwa mbele ya hakimu. Akaandika barua nyingine ya kukutoa wewe kosani, ikapigwa muhuri. Imo humu ndani, na nakala yake imetumwa kwa chifu.

Bwana Aliasgar nilimfuata dukani. Alinisikiliza akipanga vikopo vya rangi, akasema alijua siku ile ya deki, alikuwa akisubiri nije mwenyewe. Hakunifukuza. Beryl nilimwambia jikoni. Alivua aproni akaitundika msumarini akaenda zake, kwa kuwa ni yeye aliyewabeba wagonjwa wale hadi kwenye gari, na alimwapia kila mtu kwamba nyumba yetu ni safi. Siku ya pili ilipita hakuja. Leo asubuhi ameingia bila salamu, akavuta ungo, akaanza kuchambua maharagwe. Mpaka sasa hatujasemezana.

Kwa Dishon nilikwenda jana jioni, huko Tudor anakokaa na dada yake. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kwa sababu kiti sikustahili. Nilijua atanifukuza, nikajiandaa. Hakuniambia amenisamehe, wala sikumwomba. Aliniuliza jambo moja tu: "Ngala anajua?" Nikasema bado. Akasema, "Basi unafanya nini hapa?" akafunga mlango.

Ndiyo maana nakuandikia leo, wala sikungoja kesho. Nampa Katana, kondakta wa basi la kesho asubuhi, akuletee mkononi.

Sikuombi kitu kwenye barua hii. Maneno ya kuomba ningeyaandika kwa urahisi, na nimeona mambo yanayotoka kwangu kwa urahisi. Jumapili nitakuja. Nitafika kabla ya ibada, na watu wakitoka kanisani nitasimama pale nje, wakiwapo mzee wa kijiji na wale wanawake waliomwaga maji ya wifi, niseme kwa mdomo wangu haya niliyoandika. Ukitaka kuwapo, uwepo. Usipotaka kuniona, kaa nyumbani, nitasema hivyo hivyo kisha nirudi na basi la mchana bila kupita kwako.

Nisalimie wifi Naomi. Msomee barua yote, usimfiche kitu. Nisalimie watoto kila mmoja kwa jina lake, na mama mdogo. Mungu awatunze mpaka tutakapoonana, na kama hatutaonana, awatunze vilevile.

Ni mimi ndugu yako,
Sidi