Keki za wifi na jino la mama mkwe

Shoga, nimejifungia chooni nacheka peke yangu!

Zile keki ndogo za sikukuu, za zabibu na lozi nilizopasua kwa nyundo? Wifi kazipanga kwenye sinia lake, kamwambia mama mkwe, "Nimeoka mwenyewe, mama." Mwenyewe! Na mimi nimesimama hapo hapo, unga mpaka kwenye nywele!

Nikameza hasira. Mama mkwe akang'ata. Kacha! Ganda la lozi. Jino la bandia vipande viwili!

Wifi akaninyooshea kidole: "Kaoka yeye!"

Nikamjibu kwa upole, "Wifi, mimi siwezi kukuibia sifa zako."

Weee! Anavyofokewa, nasikia mpaka huku chooni.

Kesho nakuletea mbili. Tafuna polepole.