Nyama ya Dindo Uliyonichomea Masisi

Kalume, mume wangu wa ujana,

Padri alikuja jana na mafuta ya wagonjwa. Nilimwambia dhambi zote nilizozikumbuka, akaniondolea kwa jina la Mungu, akanywa chai, akaenda zake. Neno moja sikumpa, kwa sababu si lake. Ni lako. Najua umelala katika udongo wa Walikale na barua haiwezi kukufikia. Hata ulipokuwa hai ulisoma kwa shida, ukifuata herufi kwa kidole kinachonuka kitunguu. Naandika hata hivyo. Macho yamechoka, lakini nisipoliandika nitaondoka nalo.

Naanzia kwenye ile nyama, maana yote yaliyotupata yalitoka humo.

Ulikuwa mpishi kwa mzungu wa shamba la kahawa, na mimi nilikuwa nafundisha wasichana kusoma na kushona kule misheni ya Masisi. Wabelgiji walikuwa bado wanatawala. Ndoa yetu ilikuwa ya mbuzi na majembe tu. Ile ya kanisani ilingoja wewe umalize katekisimu, na masista walininung'unikia, ila hawakuwa na mwalimu mwingine. Madamu, mke wa yule mzungu, alikupa mayai ya ndege wake wakubwa, wale ambao vitabuni nimewakuta wakiitwa bata mzinga. Yeye aliwaita dindo, nasi tukawaita vivyo hivyo. Uliyaweka chini ya kuku wetu mwekundu. Maskini kuku! Alizunguka na watoto waliomzidi urefu kabla hata hawajajifunza kumkimbia mwewe. Dume moja lilipokua likawa linafura kifua, linaburuta mabawa na kumfokea kila anayepita njiani. Unamkumbuka Mama Furaha, jirani yetu? Alisimama na mtungi wake kichwani, akaogopa kupita.

"Kalume! Ule ndege wako anajiona shefu wa kijiji! Sasa atatulipisha kodi!"

"Lipa tu, Mama," ukamjibu. "Ukikawia, atakutumia polisi."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sijui kama nimecheka hivyo tena.

Dume lile ndilo ulilochinja kwanza, dominika moja. Ulinieleza kila hatua kama mwalimu anayeogopa mwanafunzi wake. Nyama ya dindo, ulisema, ni kavu ya kifuani na yenye mafuta ya pajani. Mtu akichoma ya kifuani peke yake atatafuna kuni. Basi ulizichanganya. Kwa Madamu kulikuwa na mashini ya kusaga, kwetu hatukuwa nayo, kwa hiyo ulikatakata kwa visu viwili juu ya ubao, kulia na kushoto, hadi watoto wa jirani wakaja kucheza kwa ule mlio. Ukatia kitunguu ulichokwisha kukikaanga kidogo, chumvi, na mkate mkavu uliolowekwa katika maziwa. Ukaichanganya kwa ncha za vidole, bila nguvu. "Haiko bunga ya mukate," ulisema. "Ukiikanda sana, inakasirika." Ukaziviringa, ukazibana ziwe bapa, na katikati ya kila moja ukabonyeza kwa kidole gumba ili moto usiivimbishe. Ulikuwa umesuka wavu kwa waya wa ua. Makaa uliyaacha mpaka yavae majivu meupe.

Nilitaka kusaidia. Nikachukua mwiko, nikaikandamiza moja, mafuta yakalia motoni.

"Acha! Acha, bibi yangu!" Ulininyang'anya mwiko kama ninaua mtu. "Ukiifinya, moto njo itakunywa ile maji yote. Siye tutakula nini? Majani?"

Uligeuza kila moja mara moja tu. Ukapasua mkate mdogo wa mviringo uliotoka kwa Madamu, ukaweka nyama katikati, ukanipa juu ya jani la mgomba. "Kula ingali na moto." Kisha ukainama tena kuziangalia zilizobaki, mgongo wako kwangu, shati limelowa jasho. Maji ya nyama yalitiririka mpaka kwenye kifundo cha mkono wangu. Harufu yake, Kalume, naisikia hata sasa ambapo sisikii harufu ya kitu kingine.

Sasa sikiliza. Sikuila.

Unajua desturi ilivyokuwa kwetu, na kwenu vilevile: mwanamke hali kuku, wala ndege yeyote. Nyanya yangu, mama wa mama yangu, alinifundisha kabla sijajua kusali Baba Yetu. Alisema mwanamke akila ndege, mtoto tumboni huota mabawa na kwenda zake. Ulipokuja kuniposa, mimi ndiye niliyeicheka desturi hiyo mbele yako ili unione msomi. Nilikuambia, "Miye nilisoma. Kuku iko nyama, haiko muchawi." Wewe, mtoto wa msitu, ambaye mama yako aliiheshimu mizimu hata njiani kwenda misa, uliniamini. Ulivuka woga wako mwenyewe kwa ajili ya maneno yangu. Ulipika kile ambacho hakuna mwanaume wa kwenu aliyepata kumpikia mkewe.

Nilipoifikisha mdomoni, nyanya yangu alikuwa amesimama ndani ya koo langu. Niliuma mkate tu. Nyama nikaitia katika mfuko wa gauni. Ilikuwa ya moto, ikaniunguza paja. Ulipogeuka uliona machozi machoni pangu, ukafurahi.

"Iko muzuri?"

"Iko muzuri sana."

"Angalia huyu! Anakula sawa mupagazi! Nikupe ingine?"

Ukanipa nyingine.

Tangu hapo, kila ulipochinja, mambo yakawa yale yale. Moto ulihitaji macho yako, nami nilijua kungoja mgongo wako. Mbwa wa Mama Furaha alijifunza kunisubiri nyuma ya jiko. Mwenye mbwa mwenyewe alishangaa: "Ile imbwa yangu inanenepa, na miye ninaipatiaka maganda tu. Ama inakwenda kuiba kwa mapadri?" Wewe ulicheka kuliko wote. Kila mara niliapa kwamba safari ijayo nitameza. Kila mara nilishindwa. Ningekuambia nini? Kwamba mwalimu wa misheni anamwogopa ndege aliyechomwa? Niliona haya, na haya ikizeeka inakuwa kufuli.

Miaka ikapita na mimba haikuja.

Unaikumbuka siku tuliyoitwa Walikale na wazee wa kwenu, tuulizwe kwa nini hatuzai. Tuliteremka na lori la chumvi hadi lilipokwama, kisha kwa miguu, miti ikifunga mbingu juu yetu. Kuna jambo la siku hiyo hukulijua. Kabla ya kikao nilikwenda kuteka maji, nikamkuta mama yako kijitoni na baba yako mdogo. Hawakuniona. Baba yako mdogo alisema, "Kama bibi hakukula ndege, basi shida iko kwa Kalume. Na mwanaume hana mbegu, hatutamupa kiti ya baba yake. Tutapatia mudogo wake." Mama yako akaanza kulia kwa sauti ya chini, kama mtu anayejificha. Kumbuka jinsi ulivyokizungumzia kile kiti cha marehemu baba yako, njia nzima, toka Masisi. Ulisema ukikikalia utawakataza wasimpige mtu kwa desturi asizozielewa.

Basi tukaketi uani. Baba yako mdogo akaniangalia.

"Bibi ya Kalume, hatukukuita juu ya kukutukana. Tunauliza neno moja tu. Kule Masisi ulikulaka ndege?"

Jibu la kweli lilikuwa fupi. Nilikuangalia. Ulikuwa umekaa ukingoni mwa kigoda chako, magoti yako yamebanana kama ya mvulana. Nikasema, "Ndiyo. Nilikula."

Wanawake wakapiga mayowe kama msibani. Nawe ukasimama.

"Musimuseme yeye! Miye njo nilimupikia. Miye njo nilimulisha kwa hii mikono. Kama kuna muntu aliharibu, ni miye!"

Nilikuwa nimedhani nauchukua mzigo. Sikujua kwamba utanipokonya na kujitwika. Tulirudi Masisi, na ule wavu wa waya uliukunja kwa mikono mitupu hadi ukakatika, ukiwa hunitazami. Ndege waliobaki ukawarudisha kwa Madamu. Hukuchoma nyama tena nyumbani kwetu, hata ya mbuzi. Ulipika viazi na maharagwe, ukaniwekea mbele, ukatoka nje. Nilikusikia ukimwambia Mama Furaha, aliyeuliza harufu imekwenda wapi: "Nilitaka kumufurahisha bibi yangu, Mama. Nikamuulia watoto."

Walikuletea mwanamke mwingine. Ulikataa. Mama yako akaugua kwa uchungu, nawe bado ukakataa. Mimi ndiye niliyekusukuma. "Nenda, Kalume," nilikuambia. "Miye nimekwisha kuharibika." Ulilia kama ambavyo sijaona mwanaume akilia, mdomo wazi, bila kuficha uso. Kisha ukafunga visu vyako ndani ya shati, ukashuka msituni. Kiti walikupa. Nilisikia ulikikalia vizuri.

Baadaye niliolewa na mgane mmoja, mwalimu kama mimi, mtu mpole. Nikazaa msichana. Habari zilikufikia, maana habari haina umbali. Ukaja kwa miguu kutoka Walikale na kibuyu cha asali, nywele zimeanza mvi, na huyo mwalimu akatuachia uwanja kwa heshima. Wake zako wawili walikuwa bado mikono mitupu. Ulimpokea mtoto, ukamgeuza kwenye mwanga, ukahesabu vidole vyake kama wafanyavyo akina mama. Ndipo ukacheka na kulia pamoja.

"Basi haikukuua. Ile nyama ilipita. Mungu asifiwe, ilikutoka!"

Nilikuwa na neno mdomoni, Kalume. Ningesema sikuila hata moja, ungewekwa huru papo hapo. Na papo hapo ungeanza kuhesabu: mimi nimezaa, wake zako hawazai, na ndege hayumo. Ungelijua lile ambalo baba yako mdogo alilisema kijitoni. Nilikuona umemshika mtoto wa mtu mwingine kwa furaha ile, nikaona neno langu lina makali pande zote mbili. Nikalimeza.

Halafu ukaniuliza, taratibu, kama mtu anayeomba maji: "Lakini, dada, unielezee kweli. Ilikuwaka muzuri?"

Uliniita dada. Sikuwa tena bibi yako.

Nikakueleza. Nilisema ilikuwa laini, na kitunguu kilikuwa kitamu, na maji yake yalijaa mdomo wote, na kwa nje ilikuwa na ukoko mwembamba wa moshi. Yote niliyapata kwa pua na kwa kuyasikia kutoka kwako. Ulifumba macho ukisikiliza. Ukasema, "Ah. Basi nilijuaka kupika." Ukampa mtoto baraka, ukashika njia.

Sikukuona tena. Uhuru ulikuja, barabara ikaharibika, na siku moja mfanyabiashara wa Mubi, upande wa kwenu, akaniletea habari kwamba wamekuzika. Nilimuuliza kama ulizaa. Akasema hapana, marehemu alikuwa akisema ni adhabu, kwamba alimharibia mwanamke wa watu zamani, Masisi, na Mungu akamlipa kwa kipimo kile kile.

Nilikaa chini pale pale barabarani.

Siku hizi wasichana wetu wanakula kuku kwenye harusi, wanagombania mapaja, na watoto wanajaa kila nyumba. Hakuna anayekumbuka kwamba iliwahi kuwa mwiko. Nikiwaangalia nasikia hasira, na siijui ni ya nani. Mimi mwenyewe sijapata kumeza nyama ya ndege hadi leo. Si kwa woga tena. Sikutaka ya mkono mwingine iwe ya kwanza.

Kwa hiyo nakuambia sasa, waziwazi, na yeyote atakayeisoma karatasi hii awe shahidi. Mikono yako haikuniumiza. Hukumuua mtoto wa mtu. Mungu hakukulipa kitu, maana hukuwa na deni. Ulimpenda mwanamke, ukamchomea nyama kwa ustadi ambao sijaona tena, na mwanamke yule alikosa moyo wa kuila, kisha akakosa moyo wa kusema. Na kama mbegu yako ilikuwa na kasoro, mimi ningekaa nawe bila mtoto mpaka nywele zetu zianguke. Ningekaa, Kalume. Sikutaka kiti wala jina.

Lakini hilo nalo sikukwambia. Kule Walikale niliamua mwenyewe kwamba mwanaume asiye na mbegu hawezi kuishi. Hapa uwanjani, mtoto akiwa mikononi mwako, nikaamua tena. Ningeweza kukushika mkono, nikakupa ukweli wote, tukaulia pamoja. Nilikuchagulia mzigo, ukaubeba mpaka kaburini, na sikukuuliza hata mara moja ni upi ungeuweza.

Pumzika, mpishi wangu. Niombee huko, kama wanaoomba huko wanaruhusiwa kuwa na uchungu.

Ni mimi, bibi yako wa Masisi, niliyekaa na njaa mbele ya chakula chako.