Kikopo Alicholeta Baba Mdogo

Neema na Vincent,

Uji wa ulezi uko kwenye chupa. Kunyweni nje. Kwenye hii meza msile kitu mpaka muioshe mara mbili kwa sabuni na maji ya moto.

Mnajua watu wa bima ya maisha wanataka vipimo vyangu vya choo leo, kwa sababu ya huu ugonjwa sugu wa utumbo unaonitoa damu. Asubuhi baba yenu mdogo Mogesi kaja na kikopo, akakiweka hapa tunapokula, karibu na sukari.

"Shemeji, hiki ni choo cha mke wangu. Kisafi, hakina hata chembe ya damu. Peleka hicho, useme ni chako."

Halafu akaomba chai. Kikopo nimekitupa chooni. Sukari mwageni.

Anadhani anatusaidia. Lakini ndiye aliyemshauri marehemu baba yenu afiche presha kwenye fomu ya bima. Tulikuwa bado msibani Nyarero watu wa bima walipoiona kwenye kadi yake ya kliniki, wakakataa kulipa. Sijasahau, na naandika ili na ninyi msisahau.

Mbuzi wahamishwe kabla jua halijawa kali. ~~Baba mdogo asikanyage hapa tena.~~ Baba mdogo akirudi mwamkieni, ila chai anywee nje.

Nimeenda mjini Tarime na kikopo changu, chenye damu yangu. Kama ni kukataa, wanikatalie mimi nikiwa hai, wasije kuwakatalia ninyi nikiwa kaburini.

Mama