Maswali ya Mama Delphine

Kabeza, Jumapili jioni

Amekubali! Naandika mbiombio kwa furaha, hata mwandiko hausomeki.

Mama yake mchumba wangu Delphine, Mkatoliki aliyekulia Bujumbura, alinipokea akiwa na karatasi ya maswali mkononi.

"Ninyi Waislamu mnaabudu mwezi?"

Nikamwambia hapana, tunamwabudu Mungu mmoja. Mwezi unatujulisha tu siku ya kuanza kufunga.

"Na lazima uoe wanawake wanne?"

"Ni ruhusa yenye masharti, Mama, si amri. Mimi namtaka Delphine peke yake."

Delphine akacheka kule jikoni.

Kisha mama akauliza taratibu kama tunamdharau Bikira Mariya. Nikamwambia kwenye Kurani kuna sura nzima yenye jina lake. Akavua miwani, akanitazama. Sikumficha kwamba kwetu Yesu ni nabii mkubwa, si Mwana wa Mungu. Akaikunja karatasi yake ya maswali.

"Ungenidanganya hapo ningekufukuza," akasema. "Haya, kula isombe, mkwe wangu."

Ndoa tutaifungia wapi, sijui, na jambo hilo linanitisha. Lakini ameniita mkwe! Nimekula sahani tatu za majani hayo ya muhogo, na nilishiba tangu ya kwanza.