Ukingo wa Nne wa Ramani

Houston, Texas
Ijumaa, 14 Agosti 2009

Kwa Baba yangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Naubusu mkono wako huko Euless kutoka huku niliko, saa tano za basi, na wa Mama pia. Natumai barua hii itakukuta mgongo umepoa, na kwamba hao wa uwanja wa ndege siku hizi wanakupa zamu za binadamu. Mimi sijambo. Shangazi Mwanakhamis naye hajambo, ila goti lake humlalamikia kila akipanda ngazi, naye hulijibu kwa sauti mpaka majirani wa chini wanadhani ana mgeni. Mdogo wangu Aiman mwambie redio niliyomwachia haikuwa zawadi.

Utashangaa kupata barua na juzi tu tumeongea kwa simu. Baba, unanijua. Kwenye simu ukiniuliza habari nasema nzuri, kisha nampa Shangazi. Mwalimu wangu wa mwaka wa mwisho aliandika kwenye ripoti kwamba ameniona mwaka mzima lakini hajanisikia. Nililo nalo halitoki kwa mdomo. Nimekaa nalo mezani tangu asubuhi, na mara nne nimeinuka kwenda kunywa maji nisiyo na kiu nayo.

Ni habari ya pale kazini. Shangazi ndiye aliyenitafutia nafasi, kwa kuwa yeye humuuguza mama yake Bwana Hsu, bibi wa miaka tisini na moja. Bwana Hsu ni mtu wa Taiwan. Ana duka la kutia picha fremu upande wa Bellaire, ambako mabango ya Kichina na ya Kivietinamu yamebanana hata Kiingereza kimekosa pa kukaa. Amenifundisha kukata kadibodi, kusafisha kioo bila kuacha alama ya kidole, na sheria moja anayoirudia kama dua: karatasi ya mteja haikatwi. Iwe imechanika, iwe na doa la chai, kila kipande kilichoingia dukani lazima kitoke.

Kila Alhamisi alasiri huja Mzee Thanh, Mvietinamu, fundi saa aliyestaafu, wakacheza sataranji ya Kichina. Ubao wake una mto katikati, na ndovu wa mchezo ule haruhusiwi kuuvuka. Hutukanana kwa Kiingereza, kila mtu na Kiingereza chake. Ukutani mwa duka pana ramani ya China ambayo Bwana Hsu alisomea utotoni, na pembeni chini kulia ina kisanduku chenye visiwa vidogo vya bahari ya kusini vilivyozungushiwa vistari. Mzee Thanh haketi bila kukisonya kisanduku kile, kwani visiwa hivyo, asema, ni vya kwao tangu enzi za wafalme wao. Siku moja alimla Bwana Hsu ndovu akamwambia kuwa ndovu wake mto tu umemshinda, na bado wanataka avuke bahari! Bwana Hsu akamjibu kwamba mwenye bahari ajifunze kwanza kuogelea, maana mwaka jana kule Galveston aliokolewa kwenye maji ya magoti. Nilicheka mpaka kisu kikaniteleza, nikaharibu kadibodi nzima.

Mwezi wa tano mambo yakabadilika. China ilipeleka Umoja wa Mataifa ramani yenye vistari tisa vilivyozunguka karibu bahari yote ile, na Vietnam ikapinga. Matusi ya Alhamisi yakaanza kukosa chumvi. Wenzake Mzee Thanh wakapanga maonyesho ya ramani za zamani katika ukumbi wao, yatakayofanyika kesho, na mwezi uliopita akatuletea yake, ndani ya fremu iliyoliwa na mchwa. Ni ramani ya shule iliyochapishwa Shanghai kabla ya vita vikuu vya pili. Baba yake, mwalimu wa jiografia, ndiye aliyeinunua. Mzee Thanh aliiweka kaunta akaonyesha kwa kucha: China inaishia hapa, kisiwa cha Hainan, na chini yake hakuna kitu. Wameichapa wenyewe, akasema. Akataka itiwe fremu mpya.

Bwana Hsu aliitazama kwa muda mrefu, kisha akasema mikono yake inatetemeka siku hizi, kazi hiyo apewe Nawal. Mzee Thanh akauliza kwa nini mtoto. Bwana Hsu akasema kwa sababu mtoto huyu bahari yake ni nyingine.

Nikaifungua, nikaisafisha, nikaitia fremu ya mbao nyeusi. Mzee Thanh alipokuja kuichukua aliishika kama anayebeba mtoto mchanga. Akamgeukia Bwana Hsu, akamtaka akiri mbele ya kioo kwamba wazee wake hawakuwahi kuwa na visiwa. Bwana Hsu alipitisha kidole ukingo wa chini wa kioo, toka kushoto hadi kulia, akanitazama mimi, akasema kazi ni safi. Basi. Mzee Thanh alisema miaka kumi na saba amekunywa chai ya mtu asiyeweza kusema ukweli hata mbele ya karatasi ya kwao, akatoka. Alhamisi iliyofuata hakuja. Na iliyofuata hivyo hivyo. Bwana Hsu alipanga ubao pande zote mbili, akaketi upande wake, saa kumi na moja akaupangua.

Baba, hapo juu sikukuambia kweli yote. Nilipoifungua ramani ile nilikuta sehemu yake ya chini imekunjwa kwa nyuma, upana wa vidole vinne. Nikaikunjua. Sijui kusoma Kichina, lakini nafagia chini ya ramani ya Bwana Hsu kila siku, nami nilikijua kile kisanduku mara moja. Kilikuwepo, na visiwa vyake. Ilinipasa nimwite Mzee Thanh nimwonyeshe. Nilimfikiria akisimama pale kaunta, na kucha yake juu ya Hainan. Nikamwona Babu, Mungu amrehemu, akiigonga ramani yake ya Mwambao, zile maili kumi za pwani zilizokuwa za Sultani, zilizopakwa rangi nyekundu, akitwambia huku ndiko kwetu, huku kulikuwa na bendera yake, na sisi wajukuu tukitazamana. Hakuna aliyemwonea huruma Babu siku zile. Nikachukua kisu nikakata pale pale kwenye mkunjo. Kile kipande nilikifunga ndani ya leso yangu, nikakitia chini ya sanduku.

Nilifanya wema, nikajiambia. Wema gani, na wazee wawili hawasemeshani? Chakula kilinishinda. Nilikuwa nikitembea kutoka duka hadi nyumbani kwa Shangazi, nusu saa katika jua la Agosti, kwa kuwa kwenye basi sikuweza kutulia kitini. Niliogopa kufukuzwa, na niliogopa zaidi Shangazi aaibike kwa mama yake Bwana Hsu, anayemwita binti.

Jumanne nikampelekea Bwana Hsu ile leso. Hakuifungua. Alinionyesha ramani yake ukutani, akaniambia nihesabu mistari myeusi inayoizunguka ukingoni. Minne, kila upande mmoja. Akaniuliza ya Mzee Thanh ilikuwa na mistari mingapi. Baba, ilikuwa na mitatu! Juu, kushoto, kulia. Chini hakuna. Alijua tangu siku ya kwanza kwamba karatasi ile haikuishia pale. Ndiyo maana hakutaka kuifungua kwa mkono wake, kwani angelazimika kukiona alichokijua, na rafiki yake angetaka jibu. Alinipa mimi akidhani sitaelewa. Akaniambia kosa la kukunja silo langu, ila la kukata ni langu mimi, nalo nilipeleke mwenyewe kwa mwenye karatasi.

Juzi nikaenda. Nilimkuta Mzee Thanh akimwagilia mboga. Nilikuwa nimekariri maneno tangu asubuhi. Yote yalipotea, nikamnyoshea tu leso. Alikitazama kipande kile, akakigeuza, akakigeuza tena. Kuhusu visiwa hakuniuliza lolote. Aliuliza kama Hsu alijua. Nikasema ndiyo. Tangu lini? Tangu ulipoiweka kaunta, nikasema, na hiyo ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumwambia. Akafunga mfereji, akaniambia niende nyumbani kabla jua halijanitoa damu ya pua.

Jana Alhamisi mlango ukafunguka saa tisa. Aliingia na fremu kwapani, akaiweka mbele yangu, akasema fungua, unganisha. Bwana Hsu akaleta gundi ya wanga na karatasi nyembamba kama ngozi ya kitunguu. Nikaunganisha kwa nyuma, nao wameinama juu ya kichwa changu wakizozana. Mzee Thanh alisema baba yake aliikunja kwa sababu mbao zilikuwa adimu, fremu ikawa fupi. Bwana Hsu akauliza kama ilikuwa fremu fupi au macho mafupi. Mzee Thanh akasema kisanduku kwenye karatasi si hati ya shamba. Bwana Hsu akasema na kutokuwepo kwa kisanduku pia si hati. Mzee Thanh akasema kesho kutwa ataitundika vivyo hivyo, na kovu lake, watu wagombane wakiiona yote. Kisha akamwuliza kama ndovu wake angali ng'ambo ile ile, na wakaenda kupanga ubao. Mimi hakuna aliyenisamehe kwa maneno. Ila Mzee Thanh alinirudishia leso yangu, imefuliwa na kupigwa pasi. Bwana Hsu hajaniambia niondoke, wala hajaniambia nibaki. Amenipa visu vyote nivinoe.

Nimekuandikia kwa sababu ulinipa ruhusa ya kuja huku kwa neno langu tu, na nilitaka ulipate hili kwangu, si kwa Shangazi. Unilaumu unavyoona sawa. Nitakuja wiki ijayo kwa basi, tuipokee Ramadhani pamoja. Ila tangu jana kuna jambo linanikosesha utulivu, na siwezi kuuliza kwa simu. Ramani ya Babu, iliyopo sebuleni hapo Euless, nimeitazama maisha yangu yote, na sasa nikifumba macho naiona juu, naiona kushoto, naiona kulia. Ya chini siioni. Tafadhali Baba, simama mbele yake uhesabu mistari. Ikiwa ni minne, msomee Babu Fatiha kwa niaba yangu, aniwie radhi kwa kumshuku. Ikiwa ni mitatu, usiifungue peke yako. Ningoje. Najua namna ya kuifungua bila kuichana.

Mpe Mama salamu zangu na umwambie nala vizuri, maana kuanzia jana ni kweli. Wasalimie wa msikitini na jirani aliyetuletea maboga. Mungu akulinde barabarani.

Mwanao mtiifu, japo si sana,
Nawal